Mchicha, matembele, kisamvu au majani ya kunde: mboga ipi kwa nyumba isiyopika nyama?

Muuza mboga akipita mtaani kwetu asubuhi na beseni lake kichwani, huita majina matatu tu: mchicha, matembele, kisamvu. Aliye dirishani ana muda mfupi wa kuamua kabla sauti haijapotelea kona ya pili. Kwa nyumba inayopika samaki au nyama uamuzi huo si mzito, maana majani hukaa pembeni ya sahani. Kwetu hatupiki nyama wala samaki, na fungu hilo la majani ndilo nusu ya mlo. Nusu ya pili ni maharage, choroko, kunde au mbaazi. Majani yakikosewa, ugali unabaki.

Nimewaona ndugu na majirani wakijaribu kuacha nyama na kurudi baada ya miezi michache. Ukiwauliza, wachache husema waliitamani nyama. Wengi walichoka kula mchicha ule ule, uliopikwa vile vile, Januari hadi Desemba. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu kwa anayesimama mbele ya genge bila kujua achukue lipi. Nimechukua mboga nne za majani zinazoota kwetu bila shida. Sukuma wiki, chainizi na spinachi nimeziacha kwa kuwa zinapenda baridi ya milimani kuliko joto la pwani. Mlenda na majani ya maboga ni mada inayotaka siku yake.

Vigezo nilivyotumia

Kwanza, msimu. Nikitaja miezi, nahesabu kalenda ya Dar es Salaam na ukanda wa pwani: masika Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi cha Januari na Februari. Aliye Dodoma, Singida au Tabora ana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na hesabu yake itakuwa tofauti kidogo.

Pili, moto. Mboga ya dakika tano na mboga ya saa moja na nusu si bei moja, hata kama mafungu yameuzwa bei moja. Mkaa na gesi ni sehemu ya bei ya mboga.

Tatu, kinachoingia mwilini. Nne, tahadhari: iko wapi hatari ya mboga hiyo, na inaepukwaje. Mwisho, inamfaa nani.

Yapo mambo matatu ambayo ni ya mboga zote nne, kwa hiyo nayasema mara moja hapa. Majani ya kijani kibichi hutupa kile ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, lakini mwili haukipati vizuri bila mafuta. Tui la nazi, karanga za kusaga au kijiko cha mafuta ya alizeti ni sehemu ya lishe yenyewe, si anasa. Pia madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na nafaka hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na vitamini C huyasaidia: kamulia ndimu mezani, au kula kachumbari ya nyanya pembeni. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo ni heri inywewe saa moja baada ya chakula. La tatu ni vitamini B12, ambayo haimo katika jani lolote kati ya haya, wala katika maharage. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata humo. Asiyetumia hata vitu hivyo anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa virutubishi, na hilo halina mjadala.

Mchicha

*Msimu.* Palipo na maji, mchicha upo mwaka mzima. Ukisia mbegu leo, baada ya wiki tatu au nne unang'oa, na kwa sababu hiyo wakulima wa mabonde ya mjini wanaupenda: hela inarudi upesi. Wakati wake mzuri zaidi kwa mlaji ni kipupwe, jua linapokuwa pole na majani kuwa laini. Masika mvua zikizidi, mabonde hufurika, mchicha huja na tope, majani yametoboka, na fungu hupungua bila bei kupungua. Anayetaka kupanda mwenyewe atafute mbegu za Madiira, zilizotoka kwenye kituo cha World Vegetable Center kilichopo Tengeru, Arusha. Zina majani mapana na hukawia kutoa maua.

*Jikoni.* Dakika tano hadi saba zinatosha. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha ukiwa bado na maji ya kuoshea, ukishanywea mimina tui zito na ukoroge taratibu lisikatike. Hauna haja ya kuchemshwa kwanza na kumwagiwa maji, kwani maji hayo huondoka na vitamini C. Uoshe kabla ya kuukata, si baada. Na usidanganywe na ukubwa wa fungu: mchicha hunywea sana, na nyumba ya watu watano itahitaji mafungu manne au matano ili kila mmoja apate mboga ya kweli na si rangi ya kijani juu ya ugali.

*Mwilini.* Gramu 100 za mchicha mbichi zina protini gramu 2.5 hivi, vitamini C ya kutosha, na kalsiamu zaidi ya miligramu 200. Ila kalsiamu hiyo hushikwa kwa sehemu na asidi ya oksaliki iliyomo ndani ya jani lenyewe, hivyo mwili haupati yote inayohesabiwa.

*Tahadhari.* Uliza ulikootea. Watafiti wamewahi kupima mboga zinazolimwa bonde la Msimbazi, mto unaobeba maji machafu ya viwanda na makazi, wakakuta madini mazito kama risasi. Kuosha huondoa tope na vijidudu, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia kwenye jani kupitia mizizi. Muuzaji wangu sasa amezoea swali langu, na hunijibu kabla sijauliza. Aliyewahi kuugua mawe ya figo azungumze na daktari kabla ya kuufanya mchicha kuwa mboga ya kila siku, kwa sababu ya oksaliki hiyo hiyo.

*Unamfaa nani.* Anayerudi kazini saa moja usiku. Mwenye jiko moja na chumba kimoja. Mtoto anayeanza kula, maana ni laini na hauna ladha kali.

Matembele

*Msimu.* Marando ya viazi vitamu hutambaa kwa kasi masika na vuli, lakini hayafi kipupwe kikifika. Yakipata ndoo ya maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, yanaendelea. Hii ndiyo mboga rahisi kuliko zote nne kwa mtu wa mjini asiye na shamba. Omba vipande vya marando kwa jirani, kila kimoja kama urefu wa rula, fukia nusu yake kwenye kiroba chenye udongo na samadi, mwagilia, na baada ya mwezi na kitu unachuma. Kadiri unavyochuma ncha ndivyo linavyotoa matawi. Viroba kadhaa vilivyopangwa ukutani, kama unachuma kwa zamu, vinaipa nyumba mboga ya mara kwa mara. Anayetaka viazi chini asichume sana, maana jani ndilo linalokilisha kiazi.

*Jikoni.* Chuma ncha na majani machanga pamoja na vikonyo vyake. Menya ngozi ya kikonyo, inatoka kama uzi. Kazi hiyo inachosha kama uko peke yako, na inaisha upesi kama mmekaa watatu mkizungumza. Motoni ni dakika tano hadi nane. Wengi huyapika kwa dagaa. Sisi huyaunga kwa nyanya nyingi na ndimu, na pembeni choroko za nazi. Karanga sizitii humu, maana zinaufunika utelezi wake mwepesi, na utelezi huo ndio utamu wake.

*Mwilini.* Protini yake inalingana na ya mchicha, vitamini A ni ya kutosha, kalsiamu ni pungufu.

*Tahadhari.* Ni chache. Viwavi hupenda kujificha nyuma ya jani, na marando yaliyo kando ya barabara kubwa hubeba vumbi na moshi.

*Yanamfaa nani.* Aliyepanga na ana kibaraza tu, au anayeanza safari hii na hataki kutumia hela kila siku.

Kisamvu

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo mboga inayoogopwa na wapishi vijana, na ndiyo ambayo imeifanya nyumba yangu isiikumbuke nyama.

*Msimu.* Kiangazi kikikausha bustani, muhogo unabaki kijani. Mizizi yake inafika mbali na hauhitaji kumwagiliwa. Majani ya Januari na Februari huwa magumu kidogo kuliko ya masika, lakini yapo, na wakati huo mboga nyingine zimepanda bei. Unachumwa ujana tu: majani matatu manne ya juu kabisa ya kila tawi.

Pwani na Tanga kuna pia kisamvu cha mpira, ule mti mrefu unaosimama uani miaka na miaka. Ni ndugu wa muhogo. Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa enzi za ukoloni wao ili kupata mpira, biashara ikaporomoka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza baada ya mpira wa bei rahisi wa Asia kujaa sokoni. Mashamba yalikufa, mti ukabaki kwenye nyua za watu ukawa mboga. Baadaye, miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, milimani Usambara, waliuchanganya na muhogo wa kawaida ili kupata mihogo inayohimili ugonjwa wa batobato. Kwa hiyo uani kwa bibi kuna historia ndefu kuliko inavyoonekana.

*Jikoni.* Mara ya kwanza nilikipika kama mchicha: nikakatakata, nikakipa robo saa. Kilikuwa kigumu na kichungu, na tulikula ugali na chumvi. Kisamvu hutwangwa kwanza, kwenye kinu, pamoja na punje za kitunguu saumu, mpaka kilainike. Kisha huchemshwa kwa maji tu, sufuria wazi, saa nzima au zaidi. Ndipo hutiwa kitunguu, tui jepesi, na mwisho tui zito na karanga za kusaga. Kikiiva vizuri kinakuwa kizito, mafuta ya nazi yamejitenga kidogo juu, na kijiko kinaacha njia sufuriani. Ukienda Kongo utakikuta kikiitwa sombe au pondu, Rwanda na Burundi isombe, na kila mahali mpishi atakuambia neno lile lile: usikiharakishe.

Suala la moto linatatuliwa kwa kupika kingi kwa mara moja. Nunua kilichotwangwa tayari sokoni kama huna kinu, chemsha cha mara nne Jumamosi, gawa kwenye vifuko na uweke kwenye friza kabla ya kutia nazi. Katikati ya wiki kinakuwa mboga ya dakika kumi na tano. Asiye na friji akibandike juu ya mkaa uliobaki baada ya kuivisha maharage. Kwenye moto mdogo kinapikika polepole bila kutumia mkaa mwingine.

*Mwilini.* Gramu 100 za majani mabichi ya muhogo zina protini karibu gramu 7, mara mbili na zaidi ya mchicha. Ongeza karanga na unaelewa kwa nini kinashibisha. Kinachopotea katika saa ile ndefu ya kuchemka ni vitamini C. Irudishe mezani kwa ndimu, au kwa embe bichi lenye chumvi na pilipili, ambalo kwa bahati nzuri hujaa pwani kuanzia mwishoni mwa mwaka, karibu na wakati kisamvu kinapohitajika zaidi.

*Tahadhari.* Hili lisomwe kwa makini. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga hupasua jani na kuiachilia sumu, na kuchemsha bila kufunika huipeleka hewani. Hatua zote mbili ni za lazima, kwa muhogo mtamu, muhogo mchungu na kisamvu cha mpira. Kisiliwe kibichi, kisisagwe kuwa juisi, wala kisipikwe kwa mvuke wa dakika chache. Ukifuata alivyopika bibi, huna cha kuogopa.

*Kinamfaa nani.* Nyumba ya watu wengi. Mwenye nafasi ya kupika mwishoni mwa wiki. Aliyezoea nyama na anasema majani hayamshibishi: huyo aanze na kisamvu, si mchicha.

Majani ya kunde

*Msimu.* Ni mboga ya mvua. Wiki tatu nne baada ya kupanda, majani yako tayari, na utamu wake unaisha mmea ukianza maua. Lakini kunde huvumilia ukame, hivyo hata mvua ikikatika mapema kitu kinapatikana. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hukaushwa. Dodoma na Singida ni kawaida kuyachovya kwenye maji yanayochemka, kuyaanika na kuyahifadhi hadi mvua nyingine. Yaanike kivulini penye hewa, kwa sababu jua la moja kwa moja linaua vitamini A.

*Jikoni.* Mabichi ni robo saa hadi dakika ishirini. Makavu huloweshwa kwanza, kisha nusu saa au zaidi. Karanga za kusaga ndizo rafiki yake wa kweli. Tui pia linakubali. Magharibi mwa Kenya, ambako Waluhya huyaita likhubi, hupikwa kwa maziwa, na kwa wanaokula maziwa ninawasihi wajaribu.

*Mwilini.* Protini ni gramu 4 hivi kwa gramu 100 mbichi, ya pili baada ya kisamvu. Na ndiyo mboga pekee hapa inayokupa sahani nzima kutoka mmea mmoja: majani mwanzoni, maganda mabichi katikati, punje mwishoni. Mizizi yake huuachia udongo naitrojeni, na mahindi ya msimu unaofuata yanafaidi.

*Tahadhari.* Wadudu huipenda kunde, na wapo wakulima wanaopulizia dawa hadi siku ya kuchuma. Nunua kwa unayemjua au panda mwenyewe. Makavu yaoshwe maji matatu, yana mchanga.

*Yanamfaa nani.* Mwenye shamba, hata robo eka. Mkazi wa bara. Anayependa kujaza stoo wakati bei iko chini.

Basi uchukue lipi?

Kama unapika usiku baada ya kazi na gesi inakaribia kuisha, mchicha na matembele ndiyo ya siku za kazi. Badilishana navyo: mchicha wa nazi leo, matembele ya nyanya kesho, na maharage yaliyochemshwa Jumapili yakisubiri kwenye friji.

Kama umepanga na una kibaraza cha hatua tatu, anza na viroba vya matembele wiki hii, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mchicha uwekee kiroba kimoja ili uwe na hakika ya ulikootea.

Kama una wazee au watoto wanaolalamika kuwa hawajashiba, kisamvu mara mbili kwa wiki, na wali au ugali wa dona. Wasioweza kutafuna vizuri hukipenda kuliko zote, kwa sababu kinu kimeshawatafunia.

Kama ni mjamzito au umeambiwa damu imepungua, usitegemee jani moja. Zungusha zote nne, ongeza punje za kunde au choroko kila siku, kamulia ndimu, sogeza chai mbali na chakula, na uzitumie dawa za kuongeza damu ulizopewa kliniki. Mboga inasaidia vidonge hivyo, haivifuti.

Kama uko bara na una shamba, panda kunde na mvua za kwanza na ukaushe majani ya kutosha gunia moja. Muhogo uupande mpakani mwa shamba.

Na kama ni Januari, ada za shule zimelipwa na mfukoni hakuna kitu, na mchicha umefika bei ya kuudhi, nenda nyuma ya nyumba kachume kisamvu cha mpira kama unao, au nunua kilichotwangwa cha bei ndogo kabisa sokoni. Koroga karanga kiganja kimoja, katakata embe bichi la jirani. Sisi Januari iliyopita tulikula hivyo karibu wiki tatu, tukiongeza kunde za stoo, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakuna kitoweo.